Uzi: Kuchangisha kwa ajili ya mioyo ya vijana wanamichezo. Pesa iende wapi, na wazazi wasaidiweje?

Kiungo_Mkabaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kila mchezaji maarufu anapoanguka uwanjani mbele ya kamera, kamati za wazazi huamka. Mwanasoka wa Denmark Christian Eriksen alipoanguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, na Damar Hamlin wa mpira wa Kimarekani alipoanguka Cincinnati tarehe 2 Januari 2023, wazazi waliuliza swali lilelile: na watoto wetu je? Hamasa ikiwa juu, pesa huingia. Inanunuliwa mashine moja ya kushtua moyo, au inaandaliwa Jumamosi moja ya vipimo, picha zinapigwa, wafadhili wanashukuriwa. Jumatatu yake kuna mama ameshika karatasi ya ECG (mchoro wa umeme wa moyo), mwanawe ameambiwa asiguse mpira, na kwenye kamati hakuna anayejua aende wapi wala kwa pesa ya nani.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kamati isichangishe kwa ajili ya kipimo kabla haijachangisha kwa ajili ya kinachofuata baada ya kipimo. Mfuko wa rufaa, yaani wa kumpeleka mtoto kwa daktari bingwa kwa vipimo vya pili, ndio uanze. Mengine yafuate.

Tuchukue mfano wa klabu yenye vijana 120, umri wa miaka 12 hadi 17, haina daktari wala mashine. Naomba wanaojua vipimo, dharura, hesabu na kukaa na familia waingie kwa undani. Tusiandike "muone daktari" tukaishia hapo.

---

Fundi_ECG

Nakazia hoja ya mfuko wa rufaa, na ngoja niipe namba.

ECG ikisomwa na mtu anayejua mioyo ya wanamichezo, kati ya vijana 100 wawili hadi watano hivi watahitaji kipimo cha pili. Kwa klabu ya mfano hapo juu, hao ni watatu hadi sita. Wenye ugonjwa wa hatari kweli ni wachache zaidi, kama mmoja kwa kila 300. Kwa hiyo hali ya kawaida kabisa ni hii: siku ya vipimo inaisha na familia sita zimeingiwa na hofu, na huenda hata mmoja wa watoto hao hana ugonjwa. Bila pesa ya eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hofu hiyo inakaa nyumbani miezi. Wekeni bajeti ya eko sita, pamoja na akiba ya watoto wawili kufanyiwa vipimo vya mbele: kukimbia kwenye mashine huku ECG ikirekodi, kuvaa kinasa mapigo kwa saa 24, au MRI ya moyo.

Lakini kabla ya ECG kuna hatua ambayo ni karibu bure, na kamati nyingi huiruka. Chama cha Moyo cha Marekani kina orodha ya vipengele 14: maswali saba ya mtoto mwenyewe, matatu ya ukoo, na mambo manne ya kuangaliwa mwilini. Mzazi na mtoto wajaze pamoja nyumbani, si kwenye foleni. Maswali mazito ni haya: amewahi kuzimia au kukaribia kuzimia akiwa anakimbia, si baada ya kusimama? Anapata maumivu au kubanwa kifua akijitahidi? Anaishiwa pumzi kuliko wenzake wa kiwango chake? Moyo humwenda mbio au kurukaruka bila sababu? Kuna ndugu aliyefariki ghafla kwa moyo kabla ya miaka 50?

Hilo la mwisho wazazi hujibu "hapana" haraka mno. Ulizeni kwa upana. Kuna ndugu aliyezama ilhali anajua kuogelea? Aliyepata ajali ya gari peke yake bila sababu kujulikana? Anayetibiwa kifafa lakini dawa hazimsaidii? Aliyezaliwa kiziwi na huzimia? Hitilafu za umeme wa moyo kama QT ndefu, ambapo moyo huchelewa kujiandaa upya baada ya kila pigo, hujificha nyuma ya mambo hayo. Aina moja yake hulipuka hasa mtu akiogelea, nyingine kwa sauti ya ghafla kama kengele ya saa.

Mwilini anaangaliwa hivi: kusikiliza moyo akiwa amelala na kisha amesimama, kushika mapigo ya kinena, kupima presha mkononi, na kutazama umbo la Marfan (ugonjwa wa kurithi wa tishu zinazoshikilia mwili), yaani mikono mirefu kupita urefu wa mwili, vidole vyembamba virefu, kifua kilichobonyea au kuchomoza.

Sasa siku yenyewe ya ECG, mambo yanayoharibika.

Kwanza, mtoto asitoke mazoezini moja kwa moja. Alale chali dakika tano, mikono ilegee, ngozi iwe kavu. Jasho na losheni hufanya vibandiko viteleze na mstari uyumbe.

Kosa kubwa ni kuweka vibandiko vya V1 na V2 juu mno. Mahali pake ni nafasi ya nne kati ya mbavu, kulia na kushoto kwa mfupa wa kifua. Anayekadiria kwa macho huviweka nafasi ya pili, na mchoro unaweza kufanana na ugonjwa ambao mtoto hana. Kosa jingine ni kubadilisha waya za mikono. Ukiona mawimbi ya mstari wa kwanza wa mchoro (lead I) yamegeuka chini yote, rudia kabla mtoto hajavaa shati. Kasi ya karatasi ni milimita 25 kwa sekunde.

Wasichana wapewe chumba au pazia kamili, mpimaji mwanamke, na kanga au shuka la kujifunika mara vibandiko vikishakaa. Ikikosekana faragha hiyo, wasichana hawatarudi mwaka unaofuata, na wana haki.

Muda: dakika kumi kwa mtoto mmoja, kwa ukarimu. Vitanda viwili ni watoto 12 kwa saa. Watoto 120 ni saa kumi za kazi, kwa hiyo gawanyeni siku mbili. Mkibana siku moja mtapata michoro mibovu, na mchoro mbovu ni rufaa ya uongo inayolipwa na mfuko wenu.

Msomaji wa michoro awe anafuata vigezo vya kimataifa vya kusoma ECG za wanamichezo vya mwaka 2017. Mapigo 45 kwa dakika kwa kijana anayefanya mazoezi mengi si ugonjwa. Mawimbi ya T (yale ya moyo kujiandaa upya baada ya pigo) yaliyogeuka kwenye V1 hadi V3 kwa mtoto aliye chini ya miaka 16 ni ya kawaida. Kwa wanamichezo weusi, mawimbi hayo kugeuka hadi V4 baada ya mstari kuinuka kwa umbo la kuba nayo huhesabiwa kawaida. Asiyejua hili atawazuia watoto wazima kwa makumi. Ila T ikigeuka kwenye V5 na V6, vibandiko vya upande wa kushoto wa kifua, hapo hakuna wa kusamehewa, wa rangi yoyote na umri wowote. Aende eko.

---

Mlinda_Lango_1

Fundi umefundisha, lakini mimi nasema mashine ya kushtua moyo ndiyo inunuliwe kwanza.

ECG haioni vitu vingi. Mshipa wa moyo ulioota mahali pasipo pake, mara nyingi mchoro hutoka safi. Mpira ukimpiga mtoto kifuani katika ile sehemu ndogo ya sekunde ambapo moyo unajitayarisha kwa pigo linalofuata, moyo mzima kabisa unaweza kusimama. Hamna kipimo cha kabla kitakachotabiri hilo. Uvimbe wa misuli ya moyo unaotokana na virusi unaweza kuja wiki mbili baada ya siku yenu ya vipimo.

Moyo ukishaingia kwenye mtetemo, ukitetemeka bila kusukuma damu, kila dakika bila kushtuliwa hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Gari la wagonjwa likifika dakika ya 12, hesabu mwenyewe. Eriksen alikandamizwa kifua na kushtuliwa palepale uwanjani. Mchezaji wa Kameruni Marc-Vivien Foé alianguka na kufariki Lyon tarehe 26 Juni 2003, na uchunguzi ulikuta misuli ya moyo wake imenenepa. Tangu siku ile michezo mikubwa ilibadili sana maandalizi ya dharura uwanjani, na vijana wetu wanastahili maandalizi hayohayo.

---

Fundi_ECG

Mlinda_Lango, hatupingani sana. Italia imelazimisha uchunguzi wa wanamichezo wenye ECG tangu 1982, na takwimu za eneo la Veneto zilizochapishwa 2006 zilionyesha vifo vya ghafla vya wanamichezo vikishuka kutoka 3.6 hadi 0.4 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Ila kule nyuma ya ECG kuna mfumo mzima wa madaktari wa michezo wanaompokea mtoto. Ukichukua mashine ya ECG peke yake ukaacha mapokezi, umechukua nusu ya kitu.

Na uko sahihi kwamba mchoro safi wa leo si hati ya maisha. Unene wa misuli ya moyo mara nyingi hujitokeza kijana anaporefuka, kati ya miaka 12 na 18. Anayepimwa akiwa na 12 arudiwe. Mzazi aambiwe hilo kwa maandishi, vinginevyo atakuja kupuuza dalili akisema "alishapimwa".

---

Muuguzi_wa_Dharura

Kwenye mashine naomba nikae kidogo, maana hapa ndipo pesa za wachangaji hulala kabatini.

Angalieni kwa karibu kinachotokea. Kijana anakimbia bila mtu kumgusa, magoti yanalegea, anaanguka kifudifudi bila kujikinga kwa mikono. Macho yako wazi. Mikono inaruka mara mbili tatu kama ya mwenye kifafa. Kinywa kinafunguka na kufunga, kinatoa sauti ya kukoroma, kisha kimya cha sekunde kadhaa, kisha mkoromo tena. Hizo ni pumzi za kukata roho, si kupumua. Hapo kocha husema "anapumua, mpepeeni", mwingine anaingiza vidole mdomoni kutafuta ulimi, mwingine anamwagia maji. Dakika tatu zimekwenda.

Kanuni ya uwanjani: mchezaji aliyeanguka bila kugongwa na haitikii, chukulia moyo umesimama mpaka ithibitike vinginevyo. Mmoja aanze kukandamiza, wa pili apige simu, wa tatu akimbie kuleta mashine. Hakuna anayesubiri ruhusa ya mwamuzi wala ya mzazi.

Kandamiza katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa kijana mkubwa. Kwa mdogo ni theluthi moja ya unene wa kifua, yaani kama sentimita 5. Acha kifua kirudi juu chote kabla ya kukandamiza tena. Aliyefunzwa kupulizia afanye mikandamizo 30 kwa pumzi 2, na kwa aliyezama maji pumzi ni za lazima. Badilishaneni kila dakika mbili. Mtu akichoka kina hupungua kabla yeye mwenyewe hajajua.

Mashine ikifika iwashwe mara moja huku mwingine akiendelea kukandamiza. Kata jezi. Sidiria ya michezo nayo ikatwe, pasiwe na aibu inayogharimu uhai. Mwenzake amfunike kwa fulana mara pedi, vile vibandiko vya mashine, zikishakaa. Futa jasho kwa taulo, pedi haishiki kwenye maji. Moja kifuani chini ya mtulinga (mfupa unaotoka shingoni hadi begani) upande wa kulia, nyingine ubavu wa kushoto chini ya kwapa. Kwa mtoto mdogo, pedi zikikaribia kugusana, weka moja kifuani katikati na nyingine mgongoni. Pedi za watoto ni kwa walio chini ya miaka 8 au kilo 25. Zikikosekana tumia za wakubwa, usiache. Mashine haitashtua moyo ambao hauhitaji, kwa hiyo woga wa "nitamuua" hauna msingi. Ikishashtua, rudi kukandamiza papo hapo bila kutafuta mapigo.

Bajeti sasa. Kamati hununua mashine na kusahau kwamba pedi huisha muda, nyingi baada ya miaka miwili hivi, na betri nyingi baada ya miaka miwili hadi mitano hata kama haijatumika. Andikeni kwenye makisio: mashine, seti mbili za pedi za wakubwa na moja ya watoto, betri ya akiba ya mwaka wa tatu, mkoba wenye mkasi, wembe, taulo, glavu na barakoa ya kupulizia, kisha mwanasesere wa mafunzo. Mwanasesere ndiye anayekatwa kwanza bajeti ikibana, na kumkata ni kosa.

Mashine isifungiwe ofisini. Ikae mahali ambapo mtu anaweza kwenda na kurudi nayo ndani ya dakika tatu kutoka kona ya mbali kabisa ya uwanja. Pimeni kwa saa na kwa miguu, msikadirie. Isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, joto huharibu pedi na betri. Mtu mmoja aliyetajwa kwa jina aangalie taa ya hali yake kila kabla ya mechi na kutia sahihi daftarini.

---

Mama_wa_Winga

Nawashukuru sana wote. Swali langu ni la upande wa wazazi. Mtoto ameambiwa apumzike hadi eko, eko ni baada ya wiki tatu. Wiki hizo tatu mzazi anafanya nini? Na klabu inafanya nini? Naona tunaongelea mashine kuliko watu.

---

Mshauri_wa_Familia

Dada, umeuliza kilicho kiini cha uzi.

Msaada kwa mzazi huanza kabla ya kipimo. Fomu ya ridhaa iseme kwa lugha ya kawaida kwamba majibu yanaweza kuwa ya aina tatu: hakuna kilichoonekana, kuna jambo linalohitaji kuangaliwa zaidi, au kuna jambo la kusimamisha michezo leo. Iseme pia nani ataona majibu. Jibu sahihi ni mzazi, kijana mwenyewe na daktari. Kocha anaambiwa neno moja tu: anacheza au hachezi kwa sasa. Mzazi akiruhusu zaidi, aandike.

Siku ya majibu, aliyekutwa na jambo asiitwe kwa kipaza sauti wala kuachwa wa mwisho kwenye foleni wenzake wakimtazama. Kila mtoto apite chumba cha majibu, hata aliye mzima, ili kuingia mle kusiwe ishara. Ndani kuwe na viti vya kutosha, mlango unaofungwa, daktari aliyesoma mchoro, na mtu wa kamati ambaye kazi yake ni familia hiyo peke yake. Mzazi akishasikia neno "moyo" hasikii mengine, kwa hiyo maneno yote yaandikwe: nini kimeonekana, nini bado hakijulikani, nini mtoto asifanye, nini anaruhusiwa, dalili zipi ni za kukimbilia hospitali, tarehe ya eko iliyokwisha kupangwa, na namba ya mtu wa kumpigia. Tarehe ya eko itoke kwenye chumba hicho. Mzazi asitumwe kuitafuta.

Hizo wiki tatu: mtu wa kamati apige simu siku ya pili, kisha kila wiki, hata kama hana jipya. Aulize usafiri wa siku ya kipimo, nani atabaki na wadogo zake, mzazi ataruhusiwa kazini au atapoteza kibarua. Gharama hizo ndogo nazo huwazuia watu kufika kwa daktari bingwa, si bei ya kipimo peke yake. Mfuko wa rufaa uzibebe.

Maneno ya kuepuka mbele ya mzazi: "mbona anaonekana mzima", "usimsikilize daktari, ni woga tu", "Mungu hatamwacha, acha acheze". Mzazi anayeambiwa hivyo na watu watano atayumba, na kijana atarudi uwanjani kwa siri. Hilo la siri lipeni uzito. Kijana aliyeahidiwa nafasi kwenye timu kubwa huficha kizunguzungu. Mzazi anayetegemea ufadhili wa masomo kupitia michezo naye huingia kishawishini. Klabu itangaze mapema, kabla hakuna jina la mtu, kwamba anayesimamishwa kwa sababu za moyo hapotezi nafasi yake wala jezi yake.

Na asikae nyumbani. Anaweza kuandika takwimu za mechi, kurekodi video, kukaa benchi na kocha, ilimradi hakimbii na habebi vizito. Mwulizeni yeye anataka nini. Wengine wanaumia zaidi kukaa pembeni wakitazama, na hao waachwe wakae mbali kwa muda wautakao.

Ikithibitika ni ugonjwa, wazazi wote wawili na ndugu wa tumbo moja wapimwe, kwa sababu mengi ya magonjwa haya hurithiwa. Hapo mama au baba hujilaumu kwamba "nimempa mimi". Aelezwe kwamba kurithisha si kosa, na kwamba kugundua kwa mmoja kunaweza kumlinda mdogo wake. Wengi huendelea na aina fulani ya mazoezi, kwa uamuzi wa pamoja wa daktari, kijana na wazazi. Wekeni wazi kwamba sheria hutofautiana: Eriksen aliwekewa kifaa cha kushtua moyo mwilini, hakuruhusiwa kuendelea Italia akiwa na Inter, kisha akacheza Uingereza na Brentford mwaka 2022.

Neno la mwisho kwa leo, la wazazi waliofiwa. Msiwafanye sura ya mchango wenu. Mzazi akitaka mwenyewe kusema, asome kwanza kila kitakachochapishwa, awe na haki ya kujiondoa siku yoyote, na picha ya mtoto itoke kwake. Msaada wenye thamani zaidi kwao mara nyingi ni wa kimyakimya: kugharimia uchunguzi wa maiti unaohusisha moyo na kuhifadhi sampuli ya damu kwa vipimo vya urithi, halafu vipimo vya ndugu waliobaki. Hilo lina saa zake. Wiki moja ikipita huenda halifanyiki tena.

---

Mweka_Hazina_Makini

Mimi naja na hesabu.

Kabla ya senti ya kwanza, andikeni kusudi kwa sentensi moja isiyoyumba, kwa mfano: "Michango hii italipia rufaa na nauli za familia, mashine ya kushtua moyo na matunzo yake kwa miaka mitano, mafunzo, na vipimo vya vijana wa klabu, kwa mpangilio huo." Ongezeni sentensi ya pili: pesa ikipungua nini kinakatwa, ikizidi inakwenda wapi. Bila sentensi hiyo ya pili ugomvi wa kamati ni suala la muda tu.

Mgawo ninaoupendekeza kwa kila 100 zinazoingia: 30 rufaa, 15 nauli na mahitaji ya wazazi, 25 mashine na matunzo, 10 mafunzo, 20 siku ya vipimo. Wafadhili watawasukuma kuongeza upande wa mashine kwa sababu inapigwa picha. Waonyesheni hesabu ya Fundi ya watoto sita. Wengi wataelewa.

Akaunti iwe ya peke yake, yenye watia sahihi watatu, wawili wakihitajika kila malipo, na wasiwe wa familia moja. Pesa taslimu ihesabiwe na watu wawili palepale ilipopokelewa, iandikwe, watie sahihi, iingie benki siku inayofuata bila kutumika njiani. Michango ya simu iingie namba ya klabu, isiwe ya mtu binafsi hata kwa siku moja. Kila anayetoa apate risiti. Ripoti itoke kila mwezi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Upande wa rufaa andikeni "familia mbili zimesaidiwa" na kiasi, basi. Katika klabu ndogo hata kutaja umri na nafasi anayocheza mtoto kunamfichua.

Matembezi ya kuchangisha kwa mizunguko hufanya kazi vizuri: kila mtoto anatafuta watu watano hadi kumi wa kumwahidi kiasi kwa kila mzunguko. Wekeni kikomo cha mizunguko ili mtu asiahidi asichoweza kulipa, na kusanyeni ahadi ndani ya siku 14, baada ya hapo hupotea. Mtoto aliyesimamishwa ashiriki kwa kuhesabu mizunguko. Siku hiyo mashine na waliofunzwa wawepo. Kama hamna mashine bado, azimeni. Kuchangisha kwa ajili ya moyo kwa mbio zisizo na mashine ni hatari ambayo hamtaweza kuieleza.

Wafadhili wa kukataa: kampuni za vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini nyingi, na yeyote anayetaka orodha ya majina au majibu ya watoto.

---

Mama_wa_Winga

Nimeelewa sana. Je, mtoto akiwa na mafua au koo tu, bado ni suala la moyo? Wengi tunawapeleka mazoezini.

---

Muuguzi_wa_Dharura

Mafua mepesi bila homa, atembee tu na kupumzika. Akiwa na homa, mwili kuuma au kifua kuuma, hakuna mazoezi hata kidogo, kwa sababu baadhi ya virusi hushambulia misuli ya moyo na juhudi kubwa huzidisha madhara. Uvimbe huo wa misuli ya moyo ukithibitika, kwa kawaida mtoto husimamishwa michezo ya ushindani miezi 3 hadi 6.

Koo nalo lina njia yake. Koo linalosababishwa na bakteria wa streptokoka lisipotibiwa linaweza kuleta homa ya baridi yabisi, hasa kati ya miaka 5 na 15, na homa hiyo inaweza kuharibu vali za moyo. Dalili zake huja wiki mbili hadi nne baadaye: viungo vikubwa kuvimba na kuuma kwa kuhama, leo goti kesho kifundo. Kwa mwanamichezo, kocha hudhani ni jeraha la mechi. Viungo vinavyohama na homa, apelekwe hospitali. Akithibitika, kinga ni sindano ya penisilini kila wiki 3 hadi 4 kwa miaka mingi, na hapo mfuko wa rufaa una kazi ya kudumu: nauli ya sindano. Sindano zikirukwa, vali iko hatarini tena.

---

Mlinda_Lango_1

Nimesoma yote. Nakubali rufaa itangulie vipimo. Lakini kama pesa haitoshi hata nusu, bado nasema mafunzo ya kukandamiza kifua yaanze mwezi wa kwanza, yasisubiri mfuko kujaa. Mwanasesere mmoja, mkufunzi mmoja, watu kumi kwa zamu. Na wafundishwe wachezaji wenyewe kuanzia miaka 12, maana wao ndio wanaokuwa karibu zaidi na aliyeanguka.

---

Kiungo_Mkabaji

Hilo halina mjadala, limeingia. Na maswali ya vipengele 14 nayo yaanze mwezi huohuo, hayangoji pesa. Kijana atakayejibu kwamba alizimia akikimbia anasimama siku hiyohiyo na anakwenda rufaa moja kwa moja, hasubiri Jumamosi ya vipimo.

Mweka Hazina, moja limebaki: watoto wote wakitoka salama, ile 30 ya rufaa inakuwaje? Kuna wanakamati watataka inunue jezi.

---

Mweka_Hazina_Makini

Haiguswi. Watu walitoa kwa ajili ya rufaa, kwa hiyo inabaki rufaa. Kwenye sentensi ya pili ya kusudi andikeni: "Salio la rufaa linavuka mwaka na kutumika kwa rufaa tu." Mwaka unaofuata mnachangisha kufidia pungufu tu. Kama salio limezidi gharama ya eko kumi, toeni tangazo kwa klabu jirani kwamba mtoto wao akipewa rufaa anaweza kuomba, kwa barua ya daktari na sahihi ya mzazi. Jezi zichangiwe kwa daftari lake.